Koti la Theluji ya Tunduma

Tunduma, jioni ya kuamkia safari yako

Tumpe mwanangu,

Umetoka hapa sasa hivi kwenda kumuaga shangazi yako, na koti umelibeba mkononi. Nilikwambia ulivae. Ukasema, "Mama, jua lote hili?" Nikasema livae hivyo hivyo, ukacheka, ukaondoka nalo mkononi kama vile unalipeleka kwa fundi. Nimesimama mlangoni nikakuangalia mpaka ulipokata kona ya mashine ya kusaga, na bado ulikuwa hujalivaa. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Nikisubiri urudi niseme kwa mdomo nitapandisha sauti, wewe utanyamaza kama alivyokuwa ananyamaza marehemu baba yako, na kesho utapanda basi tukiwa tumenuniana.

Mambo ya kula vizuri na kusali na kuchagua marafiki siyaandiki. Ulikaa Dar es Salaam miaka yote ya chuo ukarudi mzima, kwa hiyo hayo unayajua. Nataka kukueleza habari za hilo koti, zote, kwa sababu tangu utotoni umezisikia vipande vipande, kila nikikasirika kipande, na sidhani kama umewahi kuviunganisha. Na nataka ujue waziwazi ninachokitaka kwa shangazi yako. Nataka Mama Daudi alione hilo koti likiwa mwilini mwako, asikie unakwenda wapi, halafu akumbuke alichosema. Basi. Nimekisubiri kitu hicho tangu kabla hujazaliwa.

Nilitoka kwetu Ikinga nikiwa mke mpya. Kule milimani Ileje biashara niliyoijua ni kubeba maharage kichwani mpaka gulioni. Baba yako alikuwa na shamba la kahawa Igamba lakini alipenda mji, tukapanga chumba hapa Tunduma. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila mtu ndiyo kwanza anajifunza kuuza. Akinamama walikuwa wanavuka kwenda Nakonde kuchukua mitumba, salaula kama wanavyoiita wenzetu wa Zambia, wanakuja kuitandaza hapa sokoni. Mama Daudi, dada mkubwa wa baba yako, alikuwa ameshaanza. Alikuwa na meza, alikuwa na wateja, alikuwa na kitenge kipya kila Jumapili. Baba yako alipouza kahawa ya msimu ule akamwambia, "Dada, mfundishe huyu." Mama Daudi akanishika mkono akasema, "Wifi ni mdogo wangu. Niachie mimi."

Nikaachwa kwake kweli.

Robota la mitumba halinunuliwi likiwa wazi. Limekazwa mikanda, limebanwa kama tofali, na ukishakata mkanda ni lako hata kama ndani kuna matambara. Kwa hiyo wanunuzi wana mbinu zao. Wanalipigapiga, wanalinusa, na wazoefu wanatoboa kona kwa kidole, wanavuta kitambaa kidogo waone ni kitu gani. Siku hiyo Mama Daudi alinipitisha ghala zima la mzee mmoja wa Kizambia kule Nakonde, akasimama kwenye robota moja akaniambia, "Hili limeshiba." Akatoboa kona, akavuta, kikatoka kigauni cha mtoto, cha waridi, chenye marinda. Akazunguka upande wa pili, akatoboa, kikatoka kingine cha njano. "Umezaliwa na bahati, wifi. Nguo za watoto hazikai mezani." Mwenye ghala alisimama pembeni akiitikia mukwai, mukwai, ndiyo yao ya heshima, kila alichosema wifi yangu. Nami nilitoboa kona moja mwenyewe, ile aliyonionyesha, nikaona kigauni. Nikatoa mtaji wote wa kahawa.

Tulilikata mikanda nyumbani, baba yako akiwepo, na babu yako aliyekuja kutoka Igamba kushuhudia mkwewe akianza biashara. Vigauni vilikuwa kwenye kona na juu juu. Chini yake kulikuwa na makoti. Makoti ya baridi ambayo sijawahi kuyaona, mazito, yana manyoya kwenye kofia, ukilivaa mikono haishuki. Nilichimbua mpaka chini kabisa nikidhani makoti yataisha. Hayakuisha. Babu yako akauliza, "Hizi ni nguo za watoto wa nani?" Baba yako akaangua kicheko. Nilimsamehe mengi baba yako kabla hajafa, lakini kile kicheko kilinichukua muda.

Nikaenda kwa Mama Daudi nikilia. Akaniambia pole, biashara ndivyo ilivyo, hata yeye alishawahi kuumia. Nikaamini. Nikayapeleka makoti sokoni, nikayatandaza juani, na meza yake ikitazamana na yangu. Watu wanapita, wanashika, wanacheka, wanaendelea. Siku ya tatu au ya nne hivi, amezungukwa na wateja wake, akapaza sauti soko zima lisikie: "Vumilia tu, wifi. Theluji ikianguka Tunduma utawauzia wote."

Nasikia mpaka leo walivyocheka. Hata muuza dagaa, aliyekuwa hajui kinachoendelea, alicheka. Tangu siku hiyo nikawa Mama Theluji, na sikuwa hata na mtoto wa kuniitia umama.

Lakini hiyo ni dhihaka tu, na dhihaka ningeimeza. Kilichonikaa kooni nilikijua miezi baadaye. Nilikuwa Nakonde na mbeba mizigo mmoja aliyezoea kutubebea sote, kijana mwenye maneno mengi. Akaniuliza kama yale makoti nilimaliza kuyauza, akaongeza kwamba hata Mama Daudi siku alipolifungua robota alikaa chini akashika kichwa. Nikamwambia la kwangu ndilo lililofunguliwa. Akashangaa. Akadhani najua. Kumbe robota lilikuwa la Mama Daudi. Alilinunua yeye, akalifungua palepale ghalani, akakuta makoti, kisha yeye na mwenye ghala wakalifunga upya, wakaingiza vigauni kwenye zile kona. Kona alizotoboa mbele yangu alizitengeneza mwenyewe. Aliingizwa mjini na yeye akatafuta wa kumwingiza, na akanitazama mimi.

Sikumgombeza. Hata mimi najishangaa kwa hilo. Nilirudi nimefunga mdomo, nikasema huyu mwanamke nitamlipa, na nitamlipa kwa theluji ileile aliyoitaja. Sikujua nitaipata wapi.

Makoti niliyauza, hilo unalijua. Niliwaona madereva wa malori wanaolala foleni ya mpakani mwezi wa sita na wa saba, wamejikunyata ndani ya vichwa vya magari, nikampelekea mmoja koti. Kesho yake walikuja sita. Mengine niliyapeleka kwetu Ileje, wazee wa kule wanakaa na baridi mwaka mzima. Ndiyo mtaji uliojenga hiki chumba unachopakia mabegi yako. Nikabakiza moja tu, hili la bluu lenye bitana ya chungwa, na kila mwaka nalianika, nalikung'uta, nalirudisha sandukuni. Baba yako aliniambia, "Liuze nalo, yaishe." Nikamwambia hili si la kuuza.

Nisikudanganye kwamba nilikaa tu nikisubiri kwa ustaarabu. Unaikumbuka send-off ya binti yake Mama Daudi, ulikuwa darasa la tano. Ukumbi umejaa, joto, watu wamevaa sare za vitenge. Mimi niliingia na koti. Nilivaa sare ndani na koti juu, nikafunga zipu mpaka kidevuni, nikakaa meza ya mbele kabisa ambapo hawezi kuacha kuniona. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye viatu. Wewe ulikuwa unanivuta mkono, "Mama, watu wanatuangalia." Nilitaka watuangalie. Nilimsubiri Mama Daudi aone aibu mbele ya wakwe zake. Akaja, akaniinamia, akanigusa shingo kwa mgongo wa kiganja, akaniuliza, "Wifi, una homa?" Akaagiza niletewe maji. Nilirudi nyumbani nikisema yule mwanamke ana macho makavu, anaigiza mpaka kwenye sherehe ya mwanawe.

Na ile mara ulipozidiwa na malaria, mvua inanyesha, na pikapu pekee iliyokuwa jirani ni ya kina Mama Daudi. Baba yako alikuwa Igamba. Nilikufunga kwenye baiskeli ya jirani nikakusukuma mpaka hospitali kwenye tope, nikapita mbele ya geti lao, taa inawaka, sikugonga. Ulipona. Lakini nilipokuwa nakusukuma sikuwa nakufikiria wewe peke yako, nilikuwa namfikiria na yeye pia, na mama anayemsukuma mtoto mgonjwa hatakiwi kuwa na mtu mwingine kichwani. Hilo nakuachia ulipime mwenyewe. Mimi nimeshindwa.

Shuleni walikuita mtoto wa Mama Theluji. Ukaja ukaniuliza, "Mama, theluji ni nini?" Nikakujibu ni kitu kitakachokuja kumtia shangazi yako aibu. Ukaenda kumuuliza mwalimu wa jiografia. Basi nadhani unaelewa ilikuwaje uliposimama jikoni mwaka huu na karatasi zako, ukaniambia umepata nafasi ya kusoma Ulaya kaskazini kabisa, na utakachosoma ni kupima kina cha theluji iliyolala juu ya barafu ya bahari, kwa kutumia setilaiti. Nilitoka nje nikajifanya nakwenda kuangalia kuku. Nilikuwa nalia kwa furaha. Nilisema Mungu wangu amechelewa lakini amekuja na hesabu kamili.

Wewe ukaniharibia. Ukasema, "Mama, sijachagua hii kwa sababu ya shangazi. Naipenda tu." Sikukuamini. Ndipo juzi nikakuuliza, tukiwa tunapepeta maharage, hivi mtu aliye juu kule mbinguni atajuaje theluji ina kina gani, wakati theluji ni nyeupe na barafu nayo ni nyeupe. Ukachukua sinia, ukalifunika kwa unga, ukaniambia sinia ni barafu na unga ni theluji. Ukasema kuna rada ya aina moja, mawimbi yake yakishuka yanagota juu ya unga yanarudi. Na kuna nyingine, mawimbi yake yanapita ndani ya unga, yanagota sinia, ndipo yanarudi. Ukijua hii imerudi kutoka wapi na ile imerudi kutoka wapi, unatoa moja kwenye nyingine, unabaki na kina cha unga.

Nikalitazama lile sinia. Nilikuwa naona robota.

Nikakuuliza, kwa nini watu wahangaike na unga wakati wanachotaka ni sinia? Ukaniambia theluji ina uzito, inaikandamiza barafu izame majini, na anayetazama kinachochungulia juu ya maji bila kujua theluji ni kiasi gani atakosea unene wa barafu. Tena theluji ni kama blanketi, barafu iliyofunikwa vizuri inachelewa kuganda chini, hata baridi iwe kali. Ulikuwa unaongea mikono yako imejaa unga, na sura yako sijawahi kuiona hivyo. Hapo ndipo nilipokuamini kwamba unaipenda. Roho iliniuma kidogo, kwa sababu nilitaka uende kwa ajili yangu.

Nikakwambia, "Basi mimi siku ile Nakonde nilikuwa rada ya kwanza. Niligota kwenye vigauni nikarudi." Ukacheka mpaka ukakaa chini. Nikasema ningekuwa rada ya pili ningeyakuta makoti. Ukafuta machozi, ukasema hata ile ya pili wakati mwingine inadanganywa, kwamba maji ya bahari yakipanda yakalowesha theluji kwa chumvi, mawimbi hayafiki chini, yanaishia katikati, na ukisoma huwezi kujua kama umefika kwenye barafu au bado. "Sasa mnafanyaje?" "Tunakwenda wenyewe, mama. Tunatembea juu ya barafu na fimbo yenye vipimo, tunaichoma mpaka igote, tunalinganisha na ya setilaiti." Nikasema, kumbe bambo, lile chuma ambalo wanunuzi wa mahindi wanachomea gunia waone ya katikati. Ukasema ndiyo, bambo. Nilifurahi kwamba huko Ulaya nako hawaamini kilicho juu.

Ndiyo hivyo, Tumpe. Najua koti lenyewe halifai. Ulishaniambia kwa upole kwamba hiyo baridi ni ya aina nyingine, kwamba mtapewa nguo maalumu kabla ya kwenda kwenye barafu, kwamba hili litakufaa mjini tu, tena vuli, kabla baridi yenyewe ya kule haijaanza. Sikulitunza likufae kwa baridi. Nililitunza lipite mbele ya geti la Mama Daudi likiwa na mtu ndani anayekwenda kwenye theluji. Haijaanguka Tunduma, basi Tunduma inaifuata iliko. Kama umelibeba mkononi umenikosesha.

Naweka kalamu. Nasikia geti.

Nimerudi. Umekula, umeingia kufunga mabegi, na mimi nimekaa tena hapa.

Kumbe ulilivaa. Unasema ulifika getini kwake ukalivaa, ukafunga zipu, ukavuta na kofia, ukaingia hivyo sebuleni. Nilikushika mikono yote miwili. Nikasema, haya, niambie uso wake ulikuwaje. Ukaniambia alifurahi. Akakuzungusha kama fundi anayepima gauni, akapapasa manyoya, akasema, "Koti zuri hili. Mama yako kalipata wapi?" Ukamwambia la robota la Nakonde. Akasema enzi zile mitumba ilikuwa imara, siku hizi wanaleta matambara. Ukamwambia unakwenda kupima theluji. Akasema makubwa, akakuombea safari kwa sauti ndefu, akakufungia karanga za kukaanga. Halafu mlipokuwa mnaagana mlangoni akakuuliza, akicheka, "Hivi mama yako walianza kumwita Mama Theluji kwa sababu gani? Nimesahau kabisa."

Nilikwambia anaigiza. Ukasema, "Mama, haigizi. Nilimtazama sana usoni. Hakumbuki." Na wewe si mtu wa kuishia juu juu, ndiyo kazi unayoiendea. Kwa hiyo nimekuamini, na nimeumia kuliko siku tulipokata mikanda.

Amesahau. Robota alilolifunga kwa mikono yake, kona alizozitengeneza, neno alilolisema soko zima likacheka, vyote vimemtoka kama mtu aliyepiga chafya. Ile siku ya send-off aliniuliza kama nina homa kwa sababu alidhani kweli nina homa. Nilikaa pale nikiiva ndani ya koti, nikimwadhibu mtu anayenionea huruma. Nilipita kwenye geti lake na mtoto anayewaka moto, na ndani alikuwa amekaa mwanamke ambaye hakuwa na kinyongo chochote na mimi, angetoka na funguo za gari mkononi. Miaka yote mzigo nilikuwa nao peke yangu. Naona kama nimeibiwa mara ya pili, na mwizi ni yuleyule.

Ungependa niseme kwamba sasa mzigo nimeutua. Niliona ulivyokuwa unanitazama wakati wa kula, unanisubiri niseme hivyo ili uondoke na roho nyeupe. Siwezi kukuongopea siku ya mwisho. Sijautua. Nina hasira mpya kabisa, ya leo, bado ina mvuke. Ninachoweza kukuambia ni hiki: wewe mtu akikukosea, mwambie siku hiyohiyo, wakati na yeye bado anajua alichofanya. Mimi nilinyamaza nikadhani namtesa.

Sasa nisikilize, nina ombi. Ukifika kwenye hiyo barafu, kabla hujavaa hayo makoti yao ya maana, vaa hili dakika moja. Simama mahali theluji inapofika magotini. Fimbo yako ichomeke kando yako mpaka igote, namba zionekane vizuri. Mtu akupige picha. Nitumie. Nitaikuza, nitaitia fremu, nitaibeba mwenyewe mpaka kwa Mama Daudi. Nitakaa kwenye kochi lake, nitakunywa chai yake, nami nitamsimulia kuanzia kona ya kwanza aliyoitoboa, kigauni cha waridi, cha njano, mukwai, mukwai, kicheko cha muuza dagaa, tope la njia ya hospitali. Sitaruka hata kimoja. Akilia nitamngoja amalize, kisha nitaendelea. Akishakumbuka yote kama ninavyoyakumbuka mimi, tukiwa wawili tunaoyajua, ndipo nitaangalia kama nataka kumsamehe. Siwezi kumsamehe mtu ambaye hayupo kwenye kosa lake.

Nimeingia chumbani kwako ulipokwenda kuoga. Karanga zake nimezionja, zimekaangwa vizuri, zichukue. Koti nimelikunja juu kabisa ya begi, bitana nje ili lisichafuke.

Usije ukalisahau na wewe.

Mama yako,
Mama Theluji